Kutoka jeshini hadi tiba ya yoga

Swali: Nimestaafu jeshi la Marekani, naishi Texas. Nataka kuwasaidia maveterani wenzangu kwa tiba ya yoga. Cheti cha ualimu cha saa 200 kinatosha?

Jibu: Hakitoshi, ndugu. Hicho ni cha kufundisha darasa. Ili uthibitishwe na IAYT, chama cha kimataifa cha watibabu wa yoga, unahitaji mafunzo mengine yasiyopungua saa 800, kwa miaka 2 au zaidi, katika chuo inachokitambua, kisha mtihani. Ukitegemea GI Bill (sheria ya Marekani inayowalipia maveterani masomo) ilipe ada, uliza kabla ya kujiandikisha: kutambuliwa na IAYT si sawa na kuidhinishwa na Idara ya Maveterani.

Jihadhari sana na sauti ya amri. Aliyerudi vitani na kiwewe anahitaji kuchagua mwenyewe, kwa hiyo sema “ukipenda, inua mkono”. Usimguse bila ruhusa wala usimpitie nyuma. Mkeka wake uelekee mlangoni, na asilazimishwe kufumba macho. Avute pumzi kwa hesabu ya 4, atoe kwa 6, bila kuibana. Kuibana kunaweza kumwamshia hofu ileile unayojaribu kuituliza. Dakika 3 zinatosha kuanzia. Na dawa za daktari asiziache.