Mita 12 Si Mchezo: Ushauri kwa Anayetaka Kuizuru Meli ya Great Northern

Wengi wetu tuliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar tumeitazama bahari ya Forodhani maisha yetu yote bila hata siku moja kuingiza uso ndani ya maji yake tukaona kilicho chini. Mimi nilikuwa miongoni mwao hadi nilipofika umri wa miaka 31, nilipojifunza kuogelea kwa dhati, na baadaye nikajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Meli ya kwanza niliyoiona chini ya bahari ni Great Northern, ambayo imelala katika maji yasiyozidi mita 12, si mbali na mji wetu. Tangu siku ile nimerudi mara nyingi, mara nyingine kwa mtungi na mara nyingine kwa mrija wa kupumulia tu, na kwa kuwa ndugu na jamaa wameanza kuniuliza wafanyeje ili nao waione, nimeona niandike yale ambayo mimi mwenyewe sikuambiwa na mtu kabla ya kwenda.

Ni vyema kwanza ujue unakwenda kuzuru nini. Great Northern ilikuwa meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za simu ya maandishi (telegrafu) chini ya bahari, iliyoundwa mwaka 1870. Zanzibar iliunganishwa na ulimwengu kwa waya wa baharini mwaka 1879, pale kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilipotandaza waya kutoka Aden kuja kwetu, kisha ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1893 ukaongezwa mwingine wa kwenda Ushelisheli. Kabla ya ule waya wa 1879 habari ilisafiri kwa barua melini kwa wiki nyingi, na baada yake bei ya karafuu iliweza kujulikana London na Unguja siku ileile. Kazi ya meli za aina hii ilikuwa kuzitandaza nyaya hizo, na zilipokatika, kuzisaka chini ya bahari, kuzivuta juu na kuziunga upya. Meli hii ikapanda mwamba na kuzama siku ya mwisho ya mwaka 1902, na mwamba ukaipokea. Ninayaeleza haya kwa sababu mtu asiyejua historia yake huona vyuma vilivyopinda tu, na anayeona vyuma tu huvishika, huvikanyaga, na pengine hutamani kuondoka na kipande.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Watu husikia mita 12 wakadhani ni mchezo wa watoto. Mwalimu wa kuzamia atakuambia, na ni kweli, kwamba kina hicho kimo ndani ya mpaka wa mita 18 anaoruhusiwa mwanafunzi wa ngazi ya kwanza. Lakini meli iliyolala katika maji mafupi ina taabu yake ya peke yake: kila kitu kiko karibu nawe. Chuma kiko karibu, matumbawe yako karibu, wimbi la juu linakufikia, na kosa dogo la mkono au mguu halina nafasi ya kurekebishwa kabla hujagusa kitu.

Hilo nimelijua kwa mkono wangu. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na kampuni ambayo haikutuuliza lolote ila tulipie na tuvae. Ilikuwa siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa, nayo yanapwa kwa nguvu, rangi yake kijani kama supu ya mchicha, nami nikiona mita nne mbele yangu, labda tano. Mkondo ulinisukuma juu ya ubavu wa meli, nikaingiwa na hofu, nikashika kilichokuwa karibu. Ukingo wa bamba la chuma ukanichana kiganja kuanzia shina la kidole gumba, na kiwiko changu kikaegemea tawi la matumbawe. Nilihisi likivunjika kabla sijaliona. Lilivunjika kama chaki. Jeraha langu lilipona baada ya wiki tatu, pamoja na sindano ya pepopunda ambayo nilipaswa kuwa nimeichoma kabla, kwa maana chuma chenye kutu na matumbawe vyote huacha vidonda vibaya. Lile tawi, kila nikirudi hulitafuta. Limeanza kuchipua ncha mpya, lakini bado halijafika nusu ya lilivyokuwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu maji, na hapa sisi watu wa pwani tuna elimu ambayo mgeni hana, ila tumeiachia wavuvi. Hesabu mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bahari yetu hufikia takriban mita 4. Fikiria ni maji mengi kiasi gani yanayopita juu ya mwamba ule kwa muda wa saa sita, na tope kiasi gani linalobebwa. Maji mafu huja kati ya bamvua na bamvua, yaani kuanzia tarehe 8 hadi 10 hivi za mwezi wa Kiislamu, na tena kuanzia tarehe 23. Siku hizo mkondo hupoa, na kwa bahati njema maji hujaa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, wakati jua limeshapanda vya kutosha kuangaza chini na upepo bado haujachangamka. Panga kufika kwenye meli nusu saa kabla maji hayajajaa kabisa, kwa sababu maji yanayoingia hutoka bahari kuu na ni safi, ilhali yanayotoka hubeba uchafu wa pwani na wa mji.

Mara yangu ya pili nilikwenda na nahodha mtu mzima ambaye, nilipomwamkia na kumwambia nataka kwenda Jumamosi, alihesabu vidole vyake kwanza. "Jumamosi hapana, mwanangu," akasema. "Ngoja hadi Jumatano, maji yatakufa, utaona mpaka chini." Nilikuwa na kazi Jumatano, lakini niliomba ruhusa. Nilipotumbukiza uso siku ile niliiona meli nikiwa bado nimeshikilia ngazi ya boti. Nahodha anayehesabu mwezi kabla ya kuhesabu fedha ndiye wa kusafiri naye, na hicho ndicho kipimo changu hadi leo.

Kuhusu majira sitasema mengi. Epuka miezi ya masika, maana mvua huteremsha tope baharini. Kusi likivuma, upande huu wa magharibi hupata kinga ya kisiwa, lakini kaskazi likikaza unaweza kutapika botini kabla hujaona hata samaki mmoja. Nyakati za kati, pepo zinapobadilishana, ndizo bora.

Kwa anayezamia kwa mtungi, tatizo kubwa litakuwa kutulia mahali pamoja. Kutoka juu ya maji hadi mita 10 mgandamizo huongezeka mara mbili, na hakuna mita 10 nyingine huko chini zenye badiliko kubwa kama hilo. Kwa sababu hiyo hewa iliyo katika jaketi lako la kuelea na katika mapafu yako hutanuka na kusinyaa upesi zaidi hapa kuliko kwenye kina kirefu. Ukipanda nusu mita bila kukusudia, utaendelea kupanda. Ukishuka, utaendelea kushuka, na chini yako kuna matumbawe. Wengi huvaa vipande vichache mno vya madini ya risasi vya kuongeza uzito kiunoni kwa kudhani maji ni mafupi, kisha mtungi unapokaribia kwisha na kuwa mwepesi hushindwa kabisa kubaki chini na huanza kushikashika vyuma. Mwombe mwalimu wako mpime uzito wako juu ya mchanga kando ya meli, na msisogee karibu nayo hadi uweze kusimama majini kama taa ya kuning'inia, mikono ikiwa imefungwa kifuani, ukipanda na kushuka kwa pumzi yako tu. Fungua masikio, yaani sawazisha mgandamizo ndani yake, mapema na mara kwa mara, kwa maana maumivu ya masikio huanzia mita mbili au tatu.

Anayekwenda kwa mrija, ambao vijana wa ufukweni huuita snokeli, naye ana haki kamili ya kuiona meli hii, na nasema hivyo kwa sababu baadhi ya wenye mitungi huwadharau. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo limeua waogeleaji hodari, nalo ni kuvuta pumzi nyingi za haraka haraka juu ya maji ili kujiongezea muda wa kukaa chini. Kufanya hivyo hakuongezi hewa ya maana mwilini. Hupunguza tu ile hewa chafu ambayo ndiyo humkumbusha mtu kwamba anahitaji kupumua, na hivyo anaweza kuzimia majini bila kuhisi dalili yoyote. Vuta pumzi mbili za utulivu, shuka, na mwenzako abaki juu akikutazama. Ukipanda wewe, ashuke yeye. Msishuke pamoja hata kidogo.

Dada zangu huniuliza kuhusu mavazi. Buibui au dera halifai, si kwa sababu ya mtu mwingine yeyote bali kwa sababu kitambaa kipana hukuelemea kwa uzito wa maji na hunaswa kwenye chuma. Nguo ya kuogelea inayobana kiasi na kufunika mwili mzima, pamoja na kofia yake, inapatikana sasa madukani, na mbali na stara inakukinga na jua la mgongoni, na yavuyavu, na matumbawe yanayowasha. Kaka zangu nao ningewashauri wavae shati la mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Ukishatulia, usikimbilie kuizunguka meli yote, tezi hadi omo, katika mzamo mmoja. Chagua sehemu ndogo. Kuna bamba moja ninalolipenda ambalo lina safu ya matundu yaliyoachwa na misumari ya chuma, kila tundu lina upana wa kidole, na karibu kila tundu lina mpangaji: samaki mwembamba asiyezidi urefu wa kiberiti, kichwa nje, macho yakizunguka huku na huku. Ukikaribia upesi hutoweka wote kwa pamoja. Ukingoja dakika mbili bila kutikisika hutokeza mmoja, kisha wa pili, kisha safu nzima, nao huanza kukutazama wewe. Juu ya bamba hilo matumbawe laini ya zambarau yamejitandika, na pembezoni yako yale magumu ya mviringo, ambayo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Piga hesabu ya umri wa lile lenye ukubwa wa sufuria ya pilau, na hutathubutu kulikanyaga.

Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hukaa ndani ya mabomba akifungua na kufumba mdomo, hakutishi, anapumua. Samaki taa mwenye madoa ya buluu hupenda mchanga wa kivulini. Samaki simba na samaki jiwe wana miiba yenye sumu, na huyu wa pili hufanana kabisa na chuma kilichoota magugu, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kutotia mkono popote. Boti ninayosafiri nayo hubeba chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto, kwa sababu dawa ya kwanza ya mwiba wa aina hiyo ni kuloweka mahali palipochomwa katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua, huku mnaelekea hospitali.

Usiingie ndani ya meli, hata pale uwazi unapoonekana mpana. Chuma kilichokaa majini zaidi ya miaka 100 hakina ahadi na mtu. Usichukue kitu pia, hata msumari. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu mabaki yaliyokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi kuwa urithi wa utamaduni, na Great Northern ilitimiza umri huo mwaka 2002. Na kabla hamjaondoka pwani muulize nahodha nanga yake ataitupa wapi. Akisema ataitupa juu ya meli ili isiburuzike, tafuta nahodha mwingine, kwa sababu nanga moja huvunja mengi zaidi kwa dakika moja kuliko wazamiaji wazembe wa mwaka mzima. Boti inaweza kufungwa kwenye boya, au kubaki ikielea na mtu wake akifuata mapovu yenu.

Ukisikia habari za HMS Pegasus, manowari iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani mbele ya mji wetu mwezi Septemba 1914, usitamani kuunganisha safari. Hiyo iko kwenye kina cha mita 40 hivi, ni ya wazamiaji wenye mafunzo ya juu, na mabaharia wake waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani. Ina heshima yake nyingine na maandalizi yake mengine.

Na kwa ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Muscat au Ulaya, panga mzamo mwanzoni mwa likizo, usiuweke siku ya mwisho. Aliyezamia kwa mtungi mara moja anapaswa kungoja angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara kadhaa angoje angalau saa 18. Mkifika mapema mtapata pia nafasi ya kungojea maji mafu.