Uliza Fundi wa Moto: Mafuta ya Kukaangia Yaliyotumika, Yanaweza Kupasha Nyumba Joto?

SWALI: Shikamoo fundi. Sebuleni kwangu nina hita ya utambi inayotumia mafuta ya taa. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kazi, ya kwangu na ya majirani, na yamefika madumu matatu ya lita 20. Sioni sababu ya kuyamwaga wakati baridi inatutesa. Je, niyachuje tu niyatie kwenye hita? Nimeshauriwa kwamba utambi ukishindwa kuyavuta niyachanganye na petroli kidogo yawe mepesi.
Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba, mama. Naanza na petroli kwa sababu hiyo haisubiri: usitie hata tone. Mvuke wa petroli unashika moto hata katika baridi ya kugandisha maji, na tangi la hita ya utambi liko chini tu ya mwali, linapata joto muda wote moto unapowaka. Aliyekushauri huenda anakutakia mema, lakini ushauri huo unaunguza nyumba na waliomo. Kama umeshachanganya, usiiwashe hita hiyo. Itoe nje, mbali na moto wowote, na umpe fundi aimwage na kuisafisha.

Sasa mafuta yenyewe. Hata yakichujwa yakang'aa, hayafai kwenye hita ya utambi. Nimefungua hita za watu waliojaribu, na kinachoonekana ni kilekile: utambi unatoka mgumu, ncha yake imeshika ukoko mweusi, na ukiuminya chini ya ukoko huo vidole vinalowa mafuta mabichi. Maana yake mafuta yalipanda kidogo yakakwama, mwali ukakosa chakula ukaanza kuula utambi. Katika joto la kawaida la chumba, mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli mara kumi na zaidi, na mafuta ya taa ni mepesi kuliko hata dizeli. Tena mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, wakati mafuta ya mimea hayafiki hapo mpaka yapite nyuzi 200. Utambi mrefu uliopimwa kwa mafuta mepesi hauwezi kubeba kitu cha namna hiyo.

Wahenga waliowasha taa kwa mafuta ya zeituni walilijua hilo, ndiyo maana kibakuli cha taa zao kilikuwa kifupi na mafuta yakawa karibu kabisa na mwali. Mwaka 1800 Mfaransa Carcel alipotaka taa yenye tangi chini, ilimbidi aweke mtambo kama wa saa wa kusukuma mafuta juu hadi kwenye utambi. Mafuta ya mbegu aliyotumia hayakupanda yenyewe vya kutosha.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama una kifaa kinachoyapasha moto mafuta haya kabla ya kuyachoma. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Bana, yaani kichomeo, ya boila (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba) inasukuma dizeli kwa pampu kupitia nozeli yenye kitundu chembamba ili itoke kama ukungu. Ukiyapitisha humo mafuta ya kukaangia yakiwa baridi, yanatoka matone makubwa, nusu yanaungua na nusu yanageuka masizi. Ukiyapasha hadi nyuzi 80 hivi kabla ya nozeli, yanalegea sana, ingawa bado hayafikii wepesi wa dizeli. Mafundi wanaobadilisha bana hizi huweka hita ya umeme kwenye njia ya mafuta, hurekebisha shinikizo na hewa, na huwasha kwa dizeli kwanza. Wako wanaochanganya sehemu ndogo tu ya mafuta haya na dizeli, lakini hata hivyo pampu inachoka mapema na jicho la umeme linalotazama kama mwali unawaka linafunikwa na masizi.

Bana ninayoipenda kuliko zote kwa mafuta machafu ni ile aliyoibuni Mmarekani Robert Babington. Ndani yake mafuta hayapiti kwenye kitundu hata kidogo. Yanamwagika taratibu juu ya tufe la chuma lenye uwazi ndani, yanalifunika kwa utando mwembamba, kisha hewa iliyoshindiliwa ndani ya tufe inatoka kwa kitundu kimoja na kuupasua ule utando kuwa ukungu laini. Kinachopita tunduni ni hewa, basi chembe za uchafu hazina pa kuziba. Mafuta yanayobaki yanachuruzika chini na kurudi kwenye tangi. Ukitazama ukungu wake kabla haujawashwa, unaelewa mara moja kwa nini mwali wake ni safi.

Lakini mama, piga hesabu kabla hujatafuta bana. Lita moja ya mafuta haya ina nishati ya kilowati saa 9 na kidogo, karibu sawa na dizeli, na hiyo si haba. Lita zako 60, katika kifaa kizuri kinachopoteza asilimia 30 ya joto kupitia bomba la moshi, zitaendesha hita ya kilowati 3 kwa saa 130 hivi. Ukiwasha saa nane kila usiku, ni usiku 16. Kama huna mahali pa kupata madumu mengine kila wiki, mtambo huo hautajilipa, na mafuta yako utayapeleka kwa wanaokusanya ya kutengenezea dizeli ya mimea. Usijaribu kuitengeneza hiyo nyumbani: inataka methanoli, ambayo ni sumu na mwali wake ni vigumu kuuona mchana.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimechomelea jiko la matone: mafuta yanadondoka kutoka tangi la juu hadi kwenye sahani ya chuma iliyo ndani ya jiko, na feni inapuliza hewa. Linatoa joto la ajabu. Shida ni moshi wa kuwasha macho linapoanza, na mara nyingine linapiga "paa! paa!" na kurusha cheche. Nataka kulihamishia ndani ya nyumba.
Mchomeleaji

JIBU: Nzuri, ndugu. Usilihamishe bado.

Mlio huo ni maji. Mafuta ya kukaangia hubeba maji kutoka kwenye vilivyokaangwa, na tone la maji likizama kwenye mafuta ya nyuzi 200 linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,000 papo hapo, likirusha mafuta ya moto. Kabla ya kutia mafuta kwenye tangi, chukua kijiko cha chuma, chota kutoka chini ya dumu (si juu, maji hukaa chini), vaa miwani, upashe moto taratibu. Mafuta makavu yatatulia tu mpaka yaanze kufuka. Yenye maji yatachemka vipovu vidogo na kutatarika. Dawa yake ni kuyaacha mahali penye joto wiki moja au mbili, ukachota ya juu na kuyaacha mashapo, ndipo uyachuje. Wengi wanakimbilia chujio ghali, lakini chujio la chembe halitoi maji yaliyochanganyika. Muda unayatoa.

Moshi wa kuwasha macho una akrolini, kemikali kali inayotoka mafuta yakiungua bila kufika joto la kuwaka sawasawa. Sahani yako ni baridi unapoanza kudondosha. Washa kuni kavu au mafuta ya taa kidogo kwenye sahani mpaka ipate joto kali, ndipo ufungue matone, machache kwanza.

Kinachonitia hofu zaidi hukukitaja. Mwali ukizimika na matone yakaendelea kushuka kwenye sahani ya moto, jiko linajaa mvuke, na mvuke huo ukishika tena, mlango wa jiko unaruka. Jiko lako linahitaji vali inayojifunga yenyewe sahani ikipoa, bomba la kumwaga nje mafuta yaliyozidi, na tangi lililo mbali na joto la jiko. Bila vitu hivyo vitatu libaki karakana, na ukiwepo mwenyewe. Siku litakapoingia ndani, bomba la moshi litoke hadi juu ya paa, lisafishwe masizi mara kwa mara, na chumbani kuwe na kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Moto wa mafuta usiumwagie maji kamwe. Weka kifuniko cha chuma, mchanga mkavu na kizimamoto cha unga mahali unapoweza kuvifikia bila kulipita jiko.

SWALI: Je, naweza kutumia bomba la shaba kuleta mafuta kwenye bana? Na kwa nini mafuta yangu yaliganda ghalani?
Msomaji

JIBU: Shaba hapana, wala mabati. Mafuta yaliyokaangiwa yana asidi inayoila zinki iliyopakwa kwenye mabati, na shaba inayaharakisha kugeuka gundi ndani ya bomba. Tumia chuma kisichoshika kutu. Kuganda ni tabia ya aina ya mafuta: ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24, ya mawese hata kwenye joto la juu zaidi ya hapo. Pasha tangi kabla ya kuwasha, hayajaharibika.

Na kwa kuwa umetaja ghala: matambara unayofutia mafuta usiyalundike pembeni. Mafuta ya alizeti na soya yakikauka kwenye kitambaa hutoa joto, na lundo likizuia joto hilo kutoka, matambara yanaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuyagusa. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yatie kwenye ndoo ya chuma yenye maji na uifunike.