Mbwa watatu, karai moja: nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi daktari. Mi nina mbwa watatu hapa Mbezi, Simba ni jemani shefadi ana kilo kama 38, Jeki ni wa kienyeji saizi ya kati, na Kidoti ni wale wadogo wa manyoya meupe, alinunuliwa kwa ajili ya mwanangu, hafiki hata kilo 5. Jioni dada anasonga ugali wa dona na dagaa anamimina kwenye karai moja, hapo ndo vita inaanza. Simba anafagia chake na cha wenzake, Kidoti anabaki kuzunguka tu, na siku hizi ameanza kumngurumia Jeki hata akipita mbali, juzi walishikana mpaka Kidoti akachanika sikio. Mume wangu anasema niwaache watazoeana, mkubwa ndo mkubwa. Ni kweli? (Mama Watatu, Mbezi)

JIBU: Pole sana, na Kidoti mpe pole. Shemeji kwa hili simuungi mkono. Hawatazoeana, maana kila jioni karai linawafundisha kitu kimoja tu, anayewahi ndo anashiba, na Simba keshafaulu huo mtihani zamani.

Kwa hiyo hilo karai dada alifulie nguo. Kila mbwa awe na bakuli lake na sehemu yake, na nikisema sehemu namaanisha wasionane kabisa, sio hatua mbili pembeni. Simba bandani kwake, Jeki kibarazani, Kidoti jikoni na mlango umefungwa, na wafungiwe kabla chakula hakijatoka, sio dada anapita na mabakuli matatu huku Simba anamrukia mgongoni. Nani aanze kupewa? Watu wanabishana sana hapo ila mi sioni umuhimu, mlango ndo muhimu. Baada ya dakika 15 au 20 kusanya mabakuli yote hata kama Kidoti kabakiza, yaoshwe, ndo uwafungulie. Bakuli tupu lenye harufu ya dagaa nalo linapiganiwa.

Kipimo nacho kinawachanganya wengi. Simba anamzidi Kidoti uzito kama mara 8, lakini chakula anachohitaji ni karibu mara 5 tu, mbwa mdogo anatumia nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo yake. Kidoti tumbo lake dogo, mgawie mara mbili au tatu kwa siku. Simba asubuhi na jioni, sio mlo mmoja mkubwa usiku, na hapa nisikilize vizuri: mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama yeye wakila haraka na kwa wingi wanaweza kujaa gesi tumboni na tumbo likajipinda. Ukiona tumbo limevimba limekaza kama ngoma, anahangaika, udenda unamtoka, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usisubiri kukuche, mkimbize kwa daktari wa mifugo hapohapo, hiyo inaua ndani ya masaa. Ili apunguze spidi msambazie ugali kwenye sinia pana, au weka jiwe safi kubwa katikati ya bakuli, kubwa kiasi kwamba hawezi kulimeza, atakula akilizunguka. Akimaliza apumzike kama saa moja, watoto wasimkimbize na mpira.

Kidoti akinguruma asipigwe. Anatoa taarifa tu kwamba hapa nina wasiwasi, ukimpiga atajifunza kunyamaza halafu siku nyingine anang'ata bila taarifa. Na mwambie mwanao aache kurusha mifupa ya kuku mezani, ile iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha na inaweza kutoboa utumbo, halafu mfupa mmoja kwa mbwa watatu si ndo ugomvi wenyewe. Mchuzi uliobaki kama una vitunguu usiwamwagie, ni sumu kwao wote.

SWALI: Sasa daktari, mimi niko Nakuru, nina mbwa mzee wa miaka 10, juzi nimeletewa papi wa Rottweiler. Naweza kuwapa wote chakula cha papi nisisumbuke? Na papi nimuongezee dawa ya kalsiamu mifupa ishike?

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Chakula cha papi kina nguvu nyingi, mzee atanenepa tu na miguu ishachoka. Kalsiamu ya ziada kwa papi wa mbwa wakubwa inaharibu ukuaji wa mifupa badala ya kusaidia, mtafutie chakula cha papi wa mbwa wakubwa, mpe mara tatu kwa siku, basi. Mzee kama ni wa ugali na omena endelea naye, ila omena ya chumvi ioshwe kwanza, na unga ulioota ukungu usimpe hata kidogo, sumu yake inaua ini na ukiupika haitoki.