Kwaya ya Watu Watatu, na Maswali Mengine ya Roki

Wimbo wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, "Bohemian Rhapsody", umewashughulisha wengi wenu. Haya twende.

Ile kwaya ya katikati ni watu wangapi? Sisi wanne tukijaribu tunasikika wanne tu. (Mpiga besi, Likoni)

Watatu: mwimbaji mkuu Freddie Mercury, mpiga gitaa Brian May, na mpiga dramu Roger Taylor, mwenye zile sauti nyembamba za juu. Mpiga besi wao hakuimba, kwa hiyo usione haya. Mwaka 1975 walirekodi kwenye ukanda wa njia 24, yaani nafasi 24 za kuweka sauti mbalimbali zichezwe pamoja. Waliimba mstari pamoja, wakaurudia juu ya ule wa kwanza, wakaurudia tena. Njia zikijaa wanazichanganya ili wapate nafasi ya kuendelea. Sehemu hiyo peke yake iliwachukua kama wiki tatu, na ukanda ukasuguliwa na mashine hata ukiuinua kwenye taa unapitisha mwanga.

Siku hizi kompyuta ya studio yoyote ya mjini ina njia za kumwaga, kinachochakaa ni koo tu. Imbeni kila sauti mara nne au tano, na silabi zianze na kuisha pamoja. "S" na "sh" zikitawanyika, mtasikika kama watu wanaogombania matatu Feri.

Wimbo wetu ni dakika sita na nusu, prodyuza anataka tatu. Si Queen walikataa? (Kisauni)

Walikataa, na wao walikuwa na dakika 5 na sekunde 55. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaupata, akaupiga mara 14 wikendi moja. Ulitoka 31 Oktoba 1975, ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa. Ila mwaka mmoja nyuma walikuwa wameshafika nafasi ya pili na wimbo mwingine. Nyinyi je? Tena "Bohemian Rhapsody" hauna kiitikio, lakini haukai mahali pamoja: piano, gitaa, kwaya, roki nzito, kisha unatulia. Kama dakika mbili zenu ni gitaa la solo likizunguka palepale, prodyuza ana haki.

Babu ashikilia kuwa Mercury ni wa Unguja. (Mji wa Kale)

Alizaliwa huko 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Usibishane na babu.

Bendi ya hoteli yaweza kutoa wimbo wa kuvuma? Wageni wetu wanataka "Jambo Bwana" kila usiku. (Nyali)

Basi mnaupiga ushahidi wenyewe. Wimbo huo ni wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzia hapahapa Mombasa ikipigia wageni hotelini kama nyinyi. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Ulitoka 1980, na kundi la disko la Boney M, la Ujerumani, likaurudia 1983. Si roki, najua, msinitukane. Nyinyi mna wasikilizaji wapya kila wiki, bahati ambayo bendi nyingi hazina. Pigeni wimbo wenu mara tu baada ya huo, mwangalie nani anabaki kitini.

Maneno nimetunga mimi, wenzangu wanataka tugawane sawa. (Changamwe)

Elewaneni kwa maandishi kabla ya studio. Upande wa pili wa santuri ya "Bohemian Rhapsody" ulikuwa na wimbo wa Taylor, naye akapata mrabaha (malipo ya mtunzi) sawa na Mercury kwa kila nakala iliyouzwa. Mambo ya nani katunga nini yaliwasumbua miaka, mpaka albamu ya 1989 walipoandika kila wimbo kwa jina la Queen. Mimi ningegawa sawa. Wewe kama hutaki, waambie leo, kisha sajilini wimbo kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, majina ya watunzi wote yakiwemo.