Historia na uhusiano wa kimataifa: si mzigo wa shahada mbili

Umeuliza kama kusoma historia na uhusiano wa kimataifa kwa pamoja, katika shahada moja, ni kazi mara mbili. Hapana. Jumla ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) ni ileile, ila zinagawanywa kwa idara mbili. Kwa mfano Uingereza: shahada ya miaka 3 ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na mgawanyo uliozoeleka ni 60 kwa 60. Unachopunguziwa ni kozi za hiari, kwa kuwa kila idara ina kozi zake za lazima: huku mbinu za historia, kule nadharia kama uhalisia (mataifa huongozwa na nguvu na maslahi) na uliberali (mataifa yanaweza kushirikiana kupitia taasisi na sheria).

Wengi hukwama kwenye tasnifu. Wanahistoria watataka vyanzo vya msingi: nyaraka, barua za kibalozi, magazeti ya wakati ule. Wenzao wa uhusiano wa kimataifa watakuuliza nadharia yako iko wapi. Amua mapema utaandikia idara ipi, na uangalie kama kozi ya mbinu za utafiti ya mwaka wa pili ni sharti la kuandika huko. Ukiiruka, pengine hutaruhusiwa. Mada kama mgogoro wa Suez wa 1956, Misri ilipovamiwa kwa sababu ya mfereji huo, hukubalika pande zote mbili.

Kagua na ratiba kabla ya kujisajili, maana idara hazipangi vipindi pamoja na kugongana ni kawaida. Marejeo nayo hutofautiana: historia hupendelea tanbihi chini ya ukurasa, uhusiano wa kimataifa mara nyingi mwandishi na mwaka ndani ya mabano. Soma mwongozo wa kila idara.