NCLEX na disleksia: huna karatasi za shule ya nyumbani, lakini bado una haki ya kuomba

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umemaliza uuguzi huko Texas, disleksia yako, ile hali inayofanya kusoma kuwe kugumu, imegunduliwa ukubwani, na umeambiwa usijisumbue kuomba muda wa ziada kwenye NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, kwa kuwa huna karatasi ya shule ya Tanzania inayoonyesha uliwahi kusaidiwa. Aliyekuambia hivyo amekupotosha. Mimi nimepita njia hiyohiyo, jimbo jingine, na leo ni nesi wa wodi ya upasuaji.

Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya 1990, ile tunayoiita ADA, ina kifungu cha 309 kinachohusu mitihani ya leseni za taaluma moja kwa moja. Marekebisho ya 2008 yakataja kusoma na kufikiri miongoni mwa shughuli kuu za maisha, yaani zile ambazo zikimwia mtu ngumu mno anahesabiwa kuwa na ulemavu. Kisha mwaka 2015 Wizara ya Sheria ikatoa mwongozo unaosema wazi kwamba mtu ambaye hakuwahi kupewa muda wa ziada shuleni bado anaweza kustahili, na kwamba kufaulu darasani hakumwondolei haki hiyo. Mwongozo huo uprinti ukae nao. Mimi ningeujua mapema ningeokoa karibu mwaka mzima.

Mara ya kwanza nilifanya mtihani bila kuomba chochote. Unajua ulivyo: saa 5, maswali 85 hadi 150, na zile habari ndefu za mgonjwa zenye maelezo ya nesi, majibu ya maabara na maagizo ya daktari. Nikifika mwisho wa habari, mwanzo umeshanitoka, narudi tena juu. Dawa nazijua, mgonjwa namwelewa, muda ndio ulinikimbia. Nikafeli. Nikasubiri siku 45, na safari hii nikaomba muda wa ziada. Bodi ya uuguzi ya jimbo ikakataa, kwamba hakuna kumbukumbu za shule. Nililia kwenye gari hadi zamu ikaanza.

Kilichonisaidia ni tathmini kamili ya mwanasaikolojia. Ni ghali, kwa hiyo ulizia kliniki za vyuo vikuu ambako wanafunzi wa saikolojia hupima watu chini ya wasimamizi wao. Huko nililipa kidogo sana, ila nilingoja miezi.

Hapa nakuomba usome taratibu, maana ndipo sisi wa Kiswahili tunapokwama. Ugeni wa Kiingereza si ulemavu, na hautakupatia muda wa ziada. Bodi ikiona umesomea Tanzania, rahisi kwao kusema shida yako ni lugha tu. Yule mwanasaikolojia aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na Kiswahili unakisomaje?" Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia anaweza kuyasoma maneno kwa usahihi lakini polepole mno, silabi kwa silabi, wakati wenzake wameshafunga kitabu. Ndivyo nilivyokuwa. Darasa la 4 nilikuwa nikisimamishwa mbele ya darasa nisome, nikiambiwa mvivu.

Basi mama akafungua sanduku kule Muheza, akanipigia picha ripoti za shule na kunitumia kwa WhatsApp. Moja mwalimu ameandika: "Ana bidii, ila kusoma kwake ni kwa taratibu mno." Mwalimu mwenyewe ameshastaafu, tukampata, akaniandikia barua ya ukurasa mmoja. Nikapeleka vyote kwa mtafsiri, vikaingia kwenye ripoti. Sentensi ile ya mwalimu, aliyoiandika bila kujua neno disleksia, ilionyesha kwamba shida ilikuwepo katika lugha yangu mwenyewe, tangu utotoni. Kwa hiyo usiseme huna ushahidi kabla hujapiga simu nyumbani.

Hakikisha pia ripoti haiishii kutaja jina la hali yako. Iseme kasi yako ya kusoma imepimwaje, inakuzuia nini kwenye mtihani wa aina hii, na unahitaji nini hasa. Mimi niliomba nusu ya muda juu ya ule wa kawaida, na chumba cha peke yangu kwa sababu huwa nasoma kwa kunong'ona. Kila ombi lilikuwa na sababu yake.

Ombi linakwenda kwa bodi ya uuguzi ya jimbo lako, si kwa Pearson VUE, kampuni inayosimamisha mtihani wenyewe vituoni. Lipeleke pamoja na maombi ya leseni, na usiweke tarehe ya mtihani kabla bodi haijaidhinisha. Barua ya ruhusa ya kufanya mtihani ikifika, angalia kama imetaja ulichokubaliwa; kama haikutaja, simama hapohapo uwapigie. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha jibu sababu hiyo. Mara ya pili mimi walinikubalia.

Umeuliza mwisho kama leseni itakuwa na alama ya kuonyesha ulipewa muda zaidi. Hapana, na mwongozo ule wa 2015 umelikataza hilo kwenye matokeo. Na hawaruhusiwi kukutoza hela ya ziada kwa kukupa haki yako. Kwenye kitambulisho changu kazini kuna jina langu na herufi RN, yaani nesi aliyesajiliwa, basi.