Naosha mwenyewe, kwa sababu ya chumvi

Swali la wiki hii lilikuwa: unaosha gari lako nyumbani au unalipeleka kwa waosha magari, na kwa nini? Mimi naosha nyumbani, Kigamboni, na kinachonifanya nioshe mwenyewe ni chumvi.

Mwenzangu wa Dodoma au Tabora anapambana na vumbi. Sisi wa pwani tuna vumbi hilohilo, na upepo wa bahari juu yake. Gari likisimama kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, hewa yenyewe imebeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu kwenye chuma, kutu haikawii. Tena haianzii unapopaona. Inaanzia kwenye chesisi, kwenye mikunjo ya madigadi na chini ya milango. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengine yalitembea kwenye mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo yanaweza kufika bandarini na kutu tayari. Kijana anayelipwa kwa idadi ya magari hana muda wa kuinama huko chini, na simlaumu. Atakupa boneti inayong'aa na tairi zilizopakwa polishi. Mimi shida yangu iko chini.

Basi naanza huko. Nasubiri rimu na breki zipoe, kisha napiga maji ndani ya madigadi kwa mpira mpaka yanayodondoka yawe safi. Halafu nafungua milango. Kwenye ukingo wa chini wa kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, na wenye magari wengi hawajawahi kuviangalia. Mvua inayopita kwenye mpira wa kioo hushuka ndani ya mlango na kutokea hapo. Vikiziba kwa matope, maji yanabaki, na mlango unaoza kwa ndani wakati nje rangi bado nzuri. Chukua njiti ya kiberiti, chokoa taratibu. Utaona kwanza uji mweusi wa mchanga, kisha maji machafu yaliyokaa humo yanaanza kuchuruzika. Hapo ndipo utajua kwa nini mlango ulikuwa unatoa mlio wa maji ukiufunga.

Lingine ni maji yenyewe. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi. Ukiyatumia kisha ukaliacha gari likauke juani, vioo na boneti vinabaki na madoa meupe, na ile chumvi uliyotaka kuiondoa umeirudisha kwa mkono wako. Maji ya kisima nayatumia kulainisha na kuondoa tope la mwanzo tu. Kusuuza kwa mwisho ni maji ya bomba, au ya mvua niliyokinga wakati wa masika. Kwa gari dogo, ndoo mbili na kopo zinatosha, ukianzia juu ya paa na kushuka. Kisha kausha kwa kitambaa laini kabla jua halijapanda.

Kwenye bodi sina mengi. Usiguse rangi kabla hujaimwagia maji ya kutosha, maana sponji juu ya vumbi kavu ni msasa. Weka ndoo moja ya povu na nyingine ya kusuuzia sponji, mchanga ubaki kwenye hiyo ya pili. Sabuni ya unga ya kufulia iacheni, ndugu zangu. Imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari inang'oa nta inayolinda rangi. Shampuu ya magari inauzwa kwenye maduka ya spea, na chupa moja inakaa muda mrefu. Na kinyesi cha kunguru, ambao Dar tunao wa kutosha, kisisubiri siku ya kuosha. Kina tindikali, na juani kinakula rangi. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, kiache kilainike, ndipo ukiinue bila kusugua.

Injini siipigi maji ya presha, hata nikiambiwa vipi. Maji yakiingia kwenye altaneta, koili au soketi za nyaya, gari linaweza kugoma kuwaka palepale, au likaanza kukohoa baadaye usijue chanzo. Brashi kavu na kitambaa chenye unyevunyevu vinatosha, injini ikiwa ya baridi. Ukiwa hapo, toa majani ya mwembe yaliyojikusanya chini ya waipa, kwa sababu nako kuna njia ya maji inayoziba.

Ukishamaliza, usiliegeshe gari na breki zimelowa. Zungusha mtaani pole pole ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka diski zikauke, ndipo ulirudishe kivulini.